Mgongo Wangu na Ndege ya Mwanza

Mpwa wangu anasomea mambo ya ndege, na mtu mmoja akisomea ndege ukoo mzima unapewa kazi. Mimi nilidhani nimepona kwa kuwa naishi Geita, mbali na chuo chake na mbali na michango ya ada. Kumbe hiyo Geita ndiyo iliyoniponza.

Mzigo ulikuja na basi, ndani ya boksi la viatu. Nikatoa kisanduku cheusi, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche, kina antena fupi kama kidole gumba na taa mbili. Kabla sijakigeuza upande wa pili simu ikaita.

"Shikamoo mjomba. Umekipata?"

"Marahaba. Nimekipata. Sasa hiki kinakula nini?"

Akacheka, akaanza somo. Ndege nyingi siku hizi zinajitangaza zenyewe angani, kama konda wa daladala pale stendi. Karibu mara mbili kila sekunde, kwenye masafa ya megahezi 1,090, kila moja inapaza sauti: mimi ni fulani, niko hapa, kimo changu hiki, naelekea kule. Haimtangazii mtu mmoja, anayesikia na asikie. Kisanduku hiki ni sikio tu. Kinasikia, kinapeleka kwenye simu, na kwenye simu unaona vindege vidogo vikitembea juu ya ramani. Rubani wa ndege ndogo akiwa nacho anajua nani yuko jirani yake kabla hawajavaana.

"Sasa mjomba, kabla hakijapanda ndegeni nataka kipimwe chini. Kinasikia umbali gani, na upande gani hakisikii. Huko kwenu kuna vilima, tena mko juu."

Nilitaka kumwambia nina kazi zangu. Akanikumbusha Nairobi. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 ilitoka uwanja wa Wilson kwenda Diani, ikagongana angani na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi salama na watu wake 44. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walikufa. Mpwa wangu anajifunza kwenye ndege za aina hiyo hiyo. Nikanyamaza, nikamuuliza nianze lini.

Nilianza sebuleni, kwa uvivu wangu. Chini ya bati, kisanduku kilinasa ndege moja kwa muda wa dakika mbili, umbali wa kilomita 17, kisha kikanyamaza kabisa. Karatasi iliyokuja nacho inasema kilomita 400. Nikatoka uani, chini ya mwembe. Ilikuwa imetoka kunyesha, majani yanadondosha maji. Nikapata kilomita 60. Mke wangu akauliza kwa nini nimeinamia simu chini ya mti kama mtu anayesubiri muamala. Nikamwambia napima anga. Akarudi jikoni bila kusema neno, na mtu aliyeoa anajua uzito wa hilo.

Jumamosi nikapanda kilimani.

Hapa lazima nilalamike kidogo kuhusu hesabu. Mawimbi haya huenda kwa mstari ulionyooka, na dunia imepinda, kwa hiyo ndege ya mbali inajificha nyuma ya mgongo wa dunia. Mpwa wangu alinipa njia: chukua kimo cha ndege kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 4.1, hizo ndizo kilomita zako. Ndege iliyo futi 37,000 ni kama mita 11,300. Ukipiga hesabu unapata zaidi ya kilomita 430. Nikafurahi, nikijua Geita tuko juu, mita 1,200 na ushei kutoka usawa wa bahari, basi nitapata na za nyongeza. Hapana. Geita haikuinuka na mimi peke yangu. Imeinuka ardhi yote, na ziwa, na Mwanza, na ng'ombe wote walioko katikati. Kwa hiyo zile mita 1,200 haziongezwi, zinatolewa. Unabaki na 410 hivi. Tangu shule ya msingi nilikuwa nashuku hesabu ina chuki na mimi binafsi.

Ila kile kilima kilinifaa. Nilikaa juu ya jiwe saa tatu asubuhi, anga imeoshwa, na vindege vikaanza kuchipuka kwenye simu. Kimoja futi 37,000 kinaelekea kusini, umbali wa kilomita 300 na kitu. Kingine kilikuwa kinateremka kwenda Entebbe, ng'ambo ya ziwa, kama kilomita 320 kutoka nilipokaa. Nilikifuata namba kwa namba kama mtu anayefuatilia matokeo ya mpira redioni: futi 30,000, futi 26,000, futi 22,000. Kilipokaribia futi 20,000 kikafutika. Hakikuanguka, abiria wake huenda walikuwa wanafunga mikanda. Kilizama tu nyuma ya mpindo wa dunia, kikaniacha mimi na daftari langu. Sikutegemea kwamba kitu kama hicho kingenigusa, lakini niliangalia kaskazini kwa muda, ambako hakukuwa na kitu ila mwewe wawili.

Kisha likaja zoezi la pili, na hapo ndipo nilipoharibu jina langu.

Maagizo yalisema: kining'inize kifuani kwa kamba, maana ndani ya ndege rubani mwenyewe anaweza kukiziba. Simama dakika kumi ukitazama kaskazini, kumi mashariki, kumi kusini, kumi magharibi. Andika unachopoteza. Nikasimama nikitazama magharibi, kule Chato ambako ndiko ulipo Uwanja wa Ndege wa Geita. (Ndiyo, uwanja wetu uko Chato, kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Hayo tumeshayazungumza hadi tumechoka.) Muda huo huo ndege ilikuwa imepaa Mwanza, mashariki yangu, kama kilomita 90. Ikapotea. Nikageuka kuitazama, ikarudi. Nikaipa mgongo, ikapotea. Nikageuka tena, hiyo hapo.

Nikampigia mpwa.

"Mjomba, hilo ndilo nililolitaka! Mwili ni maji matupu, na maji yanameza mawimbi ya aina hii. Wewe mwenyewe ndiye ukuta."

"Ukuta?"

"Samahani mjomba, una kilo ngapi siku hizi? Niandike kwenye jedwali."

Nikakata simu. Mtu mzima, mwenye watoto wanne, ameambiwa na kijana aliyembeba mgongoni kwamba mwili wake unaficha ndege nzima yenye abiria.

Nilikuwa nazunguka hivyo juu ya jiwe, kisanduku kifuani, macho kwenye simu, nilipogundua sipo peke yangu. Vijana watano wa machimbo walikuwa wamechuchumaa kwenye kichaka, kimya, kama watu wanaoangalia mganga akifanya kazi. Ndugu msomaji, kama hujaishi Geita, elewa kwamba hapa mtu akipanda kilima na kifaa chenye antena hapimi kitu kingine chochote. Detekta inatafuta dhahabu. Mengine ni maneno ya kukupoteza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba vijana wangu."

"Inasomaje?"

"Inasoma ndege."

Wakatazamana. Mmoja, mwenye buti zenye vumbi la karasha, akatabasamu kama mtu anayeheshimu siri ya mwenzake. "Sawa mzee. Ndege. Sasa hizo ndege ziko futi ngapi kwenda chini?"

Nikawaonyesha simu. Nikawaeleza yote, mawimbi, Entebbe, mpindo wa dunia. Walisikiliza kwa adabu. Yule wa buti akauliza swali ambalo, nakiri, lilikuwa bora kuliko yote niliyomuuliza mpwa wangu: kwani ndege zenyewe hazionani? Rubani si ana macho?

Nikamwambia afanye hesabu. Ndege mbili kubwa zikija uso kwa uso, kila moja kilomita 900 kwa saa, zinakaribiana nusu kilomita kila sekunde. Ukimwona mwenzako kama nukta umbali wa kilomita kumi, una sekunde 20 tu. Ndiyo maana ndege kubwa zimewekewa mtambo unaoulizana na mtambo wa mwenzake, na mambo yakiwa mabaya unamwamuru rubani: wewe panda, yule anaambiwa shuka. Nikawasimulia ya Überlingen, huko Ujerumani, usiku wa tarehe 1 Julai 2002. Mtambo ulimwambia rubani wa ndege ya abiria panda. Mwongoza ndege aliyeko chini alikuwa amekwisha kumwambia shuka. Akamtii mtu, akashuka, na mwenzake naye alikuwa anashuka kwa amri ya mtambo wake. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria ikakazwa: mtambo ukisema, mtambo ndio unaosikilizwa.

"Na hiki chako kinasema?"

"Hiki hakisemi. Kinaonyesha tu jirani yuko wapi. Kuamua ni juu yako."

Hapo ndipo tuliposikia muungurumo. Ndege ndogo ya injini moja ilitokea nyuma ya kilima, chini kabisa, karibu uweze kusoma maandishi ubavuni. Ikatupita, ikaelekea ziwani. Sote sita tuliitazama mpaka ikaisha. Kisha sote sita tukatazama simu. Skrini ilikuwa inaonyesha ndege moja tu, kilomita 280, futi 39,000.

"Mzee," akasema yule wa buti, taratibu, asije akaniumiza, "hii tumeiona bila mashine."

Sikuwa na jibu wakati ule, ila nililipata usiku nikijaza jedwali. Kisanduku kinamsikia anayetangaza. Asiyetangaza, hata apite juu ya kichwa chako akuvue kofia, hayupo. Na huyo wa kilomita 280 ambaye karatasi inajisifu kumnasa hana haja na wewe wala hawezi kukugonga. Atakayekugonga yuko kilomita tatu, nyuma ya bega lako, upande ambao mwili wako mwenyewe umeziba. Niliandika hivyo kwa mpwa, kwa wino mwekundu: acha kuhesabu kilomita, tafuta mahali pa kukibandika ambapo hakuna mtu mnene mbele yake, na uendelee kutazama dirishani. Akajibu, "Asante mjomba, hata mwalimu kasema hivyo hivyo." Kama mwalimu alijua, mimi nilipandishwa kilimani kwa nini?

Lakini ya kilimani yalikuwa hayajaisha. Nilipokuwa nashuka nilikutana na mwenye shamba, mzee wa Kisukuma mwenye fimbo na koti la suti, ambaye taarifa zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Mwangaluka," akaniambia, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa saa saba mchana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia umepata."

"Sijapata kitu, mzee. Nilikuwa nahesabu ndege."

Akafikiri. Akachora mstari mavumbini kwa fimbo. "Kijana wangu, taratibu unazijua. Duara la dhahabu likitoka kwenye shamba la mtu, mwenye shamba ana mgao wake."

"Ndege, mzee. Za juu."

"Zinapita juu ya shamba la nani?"

Nilimwachia elfu tano. Hadi leo ndiyo gharama pekee ya utafiti huu ambayo mpwa wangu amekataa kuirudisha, akisema haina risiti.

Wiki iliyofuata nilirudi kuchukua kofia niliyoisahau. Pale kwenye lile jiwe langu, kulikuwa na mashimo manne. Moja kaskazini, moja mashariki, moja kusini, moja magharibi, kila moja likiwa sawasawa na mahali nilipokuwa nimeelekea. La mashariki, ambako niligeuka mara nyingi zaidi, lilikuwa limenizidi urefu, na limeanza kuwekewa magogo ya kuzuia udongo.

Vijana, kama mnasoma hapa au kuna anayewasomea: pale hakuna dhahabu. Ilikuwa ndege ya Mwanza. Fukieni yale mashimo kabla mbuzi wa yule mzee hajatumbukia, maana najua nani atadaiwa.