Sifa za Jedwali la Hatua

Miongoni mwa vitu vinavyotukanwa bila haki, hakuna kinachostahili kutetewa kuliko jedwali la hatua, yaani ile orodha ambayo simu janja huitoa kila siku ikiwapanga marafiki, mashemeji na wafanyakazi wenza kwa idadi ya hatua walizotembea, kuanzia aliyewapita wote hadi aliyeshinda kitini. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Jedwali limempatia sababu, tena yenye tarakimu.

Wanasaikolojia huuita msingi wa jedwali hili ulinganishi wa kijamii, yaani tabia ya mtu kujipima kwa wenzake anapokosa kipimo kingine, nadharia iliyoasisiwa na Mmarekani Leon Festinger mwaka 1954. Kipimo kingine kilikuwapo, ni kweli, nacho ni hatua 10,000 kwa siku. Lakini lengo hilo lilienezwa na kifaa kilichouzwa Japani kuanzia mwaka 1965 kwa jina la manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi, na namba iliyozaliwa dukani haiwezi kumwinua mtu kochini saa tano na nusu usiku, akazunguka sebule kwa kanzu ya kulalia, kama awezavyo shemeji aliyemzidi kwa hatua 40.

Jedwali limekuza ufundi pia. Nchini China, ambako anayeongoza kwa hatua katika programu ya ujumbe ya WeChat hupata heshima ya kuona picha yake imetanda juu ya ukurasa wa wenzake, wafanyabiashara wameuza vibembea vidogo vya kutikisa simu, ili kitambuzi cha mwendo, ambacho hujua mtikisiko lakini hakijui miguu, kihesabu hatua huku mwenye simu amelala; na nchini Indonesia, mwaka 2024, vijana walijitangaza kukimbia kwa malipo kwa niaba ya wateja waliotaka sifa katika Strava, programu ya kurekodi mbio, bila jasho. Shughuli nyingi za mwili zimetokana na jedwali, ingawa si lazima ziwe za mwili wa mhusika.

Hata hivyo, fadhila yake kubwa ni upole wake kwa wavivu. Watafiti Sinan Aral na Christos Nicolaides, waliochunguza wakimbiaji wapatao milioni 1.1 na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walibaini kwamba kukimbia huambukiza, ila mkimbiaji mvivu ndiye anayemsukuma mwenye bidii, wala si kinyume chake. Anayeongoza hukimbia kwa hofu ya kufikiwa, ilhali aliye nyuma kabisa humtazama, akapiga miayo, akaweka simu chaji. Ni dawa gani nyingine inayomtibu mzima kwa bidii kiasi hicho na kumwacha mgonjwa apumzike? Kwa hiyo msomaji anayeshika mkia katika jedwali lake anaombwa asijitoe usiku wa leo, kwa maana afya ya walio juu yake inamtegemea.