Paka Hana Mshenga

Sikuwahi kumpenda paka. Naliweka hili wazi mapema, kwa sababu pale nyumbani wameanza kuniita Baba Paka na mimi ni mtu mwenye heshima zangu. Nilichokuwa natafuta ni mfanyakazi. Panya walikwishakula unga, wakala sabuni ya mche, wakamalizia na kisigino cha makubadhi yangu ya sikukuu, cha mguu wa kushoto tu, utadhani cha kulia wamemwekea mgeni. Yule kijana anayepita na kipaza sauti, dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, nilimwacha apite. Uani kwetu kuna kuku, na kuna watoto ambao kila wanachookota hukionja kwanza. Ndipo nikamkumbuka shume.

Tunakaa Magomeni, nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, na uani nyuma kwenye bafu moja, choo kimoja, bomba moja na wapangaji ambao hesabu yao hubadilika kila mwezi. Shume mwenyewe makao yake ni juu ya ukuta, nyuma ya bafu. Ni wa rangi ya majivu na mabaka meusi, mashavu mapana kama ya mpiga zumari, na sikio la kushoto limepungua kipande. Watoto wamemwita Mheshimiwa, kwa kuwa haonekani mpaka awe na shida.

Nilikadiria kazi ya siku mbili. Unatia dagaa kwenye kisosi, unaita nyau-nyau-nyau, anakuja, anakula, anaajiriwa. Siku ya kwanza nikatoka na kisosi changu, tukatazamana, nikainama kukiweka chini. Nilipoinua kichwa ukuta ulikuwa mtupu. Sikusikia hata mchakacho.

Ilinichukua siku tatu kulijua kosa langu, nalo ni kuinama. Paka aliyekulia mtaani amesoma somo moja akalifaulu: binadamu akiinama, anaokota jiwe. Inama ufunge kamba za viatu barabarani uone kama utabaki na paka hata mmoja. Ndala nazo ni hivyo hivyo. Nikivua moja nijikune unyayo, Mheshimiwa yuko bati la nyumba ya tatu. Na kwa kuwa safu ni yangu, nikiri kabisa: ndala hizo anazijua kwa majina. Mwaka jana alipita na kibua changu cha kukaanga, na moja ikamfuata mgongoni. Kwa hiyo nilikuwa nimepeleka maombi ya kazi, sijui ya mwajiri sijui ya mwajiriwa, mbele ya mtu niliyempiga.

Ukikosana na binadamu unamtuma mzee akakuombee radhi. Ukitaka kuoa unatuma mshenga na barua, ndani ya bahasha umetia chochote, na ukikataliwa unakataliwa uko kwako unakunywa chai. Paka hana mshenga. Uende mwenyewe, ukae mwenyewe, ukataliwe mwenyewe mbele ya wapangaji.

Jirani yangu fundi cherehani, aliyekulia Pangani kwenye nyumba ya paka saba, ndiye aliyenionea huruma. Nilikuwa nimenunua pakiti ya maziwa, akaninyang'anya. Paka akishakuwa mkubwa, akasema, wengi wao tumbo haliyawezi maziwa ya ng'ombe. Ataharisha uani, na atakayetafutwa na mwenye nyumba ni wewe. Mchuzi wa jana je? Una kitunguu, na kitunguu ni sumu kwake. Dagaa basi? Dagaa sawa, lakini hawa huchemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke kwanza, mwaga maji, loweka tena. Jioni ile Mheshimiwa alikula dagaa waliooshwa mara mbili. Mimi nilikula ugali na mchicha ulioungwa kwa maneno.

Masharti mengine yalikuwa ya kukalia. Weka chakula kabla hajafika. Saa ile ile kila siku. Kaa chini, usisimame, mtu aliyesimama kwake ni mnara. Usimkodolee macho. Usimguse hata akisogea, maana akikuuma au kukukwaruza utaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali. Kichaa cha mbwa jina tu ni la mbwa. Nikauliza haya yote yatachukua muda gani. Fundi akavuta uzi, akaukata kwa meno, akasema paka huzoea watu kirahisi akishikwashikwa utotoni, kuanzia kama wiki ya pili hadi ya saba. Nikamtazama Mheshimiwa. Yule alikuwa na umri wa kupiga kura.

Basi nikawa, kila baada ya alasiri, nachukua mbuzi ya mke wangu, maana ndicho kikalio pekee cha chini tulichonacho, naikunja ile chembe yake nisije nikaumbuka, nakaa uani natazama ndoo. Wiki ya kwanza Mheshimiwa alikula nikiwa nimeingia ndani. Wiki ya pili alishuka hadi kwenye pipa la maji. Wiki ya tatu alifika kwenye karai. Halafu nikapiga chafya.

Chafya za ukoo wetu zina historia. Baba yangu alikuwa akipiga moja, mbuzi wa jirani wanakata kamba. Na sikio la binadamu linakomea kwenye herzi 20,000 hivi, la paka linapita 60,000. Kama mimi mwenyewe chafya yangu hunishtua, sijui yeye alisikia nini. Tukarudi kwenye pipa. Wiki nzima. Nikaanza kutembea na leso mdomoni, nikatoa funguo mfukoni, simu nikaizima. Mke wangu, ambaye kwa miaka 19 ameniomba nipunguze sauti mama yake akiwa amelala, alikuwa akinipita na beseni la nguo bila kusema neno. Heri angesema.

Msiba wenyewe uliletwa na elimu. Mtoto wa fundi yuko chuo kikuu, akaja likizo, akanikuta kwenye mbuzi. Akanieleza kwamba mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth kule Uingereza walitoa utafiti: ukimtazama paka ukayafinya macho na kuyafumba polepole, naye huelekea kukujibu vivyo hivyo, na huwa mwepesi zaidi kukukaribia. Kwa paka ni kama salamu. Nikasema kama ni salamu, basi nimsalimie. Adabu zangu hazijawahi kunishinda.

Kesho yake Mheshimiwa alikuwa juu ya ukuta wake. Nikamtazama. Nikafumba, taratibu, nikafumbua. Hakuondoka. Nikafumba tena, nikaongeza na tabasamu ambalo utafiti haukulitaja. Mlango wa bafu ukalia kwii, shume akayeyuka, na nilipofumbua macho mbele yangu alisimama mpangaji wa chumba cha nne, kanga kifuani, ndoo mkononi, ananitazama ninavyotabasamu.

Saa mbili usiku niliitwa ukumbini. Mwenye nyumba alikaa kwenye mkeka, wapangaji wamejipanga kama wagonjwa kwa mganga.

"Baba," akaanza, "tumesikia unawakonyeza watu bafuni."

"Mama, kukonyeza ni jicho moja. Mimi nilifumba yote mawili."

Hilo halikunisaidia.

"Ulikuwa unamfumbia nani?"

"Paka."

"Paka yuko wapi?"

Tukatoka wote na tochi. Ukutani palikuwa na vipande vya chupa na soksi moja. Mzee wa chumba cha mbele, mtu wa msikitini, akajitahidi kunitetea: kumpenda paka si aibu, paka si najisi, na Abu Huraira mwenyewe jina hilo maana yake ni baba wa kipaka. Ila hili la kufumba macho, akasema, hajalisoma popote. Yule kijana wa chuo, mwenye utafiti wake, alikuwa ameshapanda basi la chuo asubuhi. Nikasamehewa kwa sharti nikikaa uani nigeukie upande wa jiko. Mke wangu hakunitetea. Alikuwa amejifunika kanga usoni, mabega yanacheka, na tulipoingia chumbani ndipo akasema: "Miaka yote hii mimi hujanifumbia hata moja."

Kwa siku kumi na kitu nikawa nakaa nimeupa ukuta mgongo, natazama masizi ya jikoni, nimekata tamaa, dagaa naweka kwa kuwa wameshanunuliwa. Na sitaki mtu anieleze kwa nini ndipo aliposogea. Karai akalipita. Akala karibu na mguu wangu, nikisikia anavyotafuna. Panya mmoja alikatiza kutoka stoo ya mkaa kwenda bombani, mchana kweupe, na mfanyakazi wangu akamtazama kama unavyomtazama mtu msiyepatana naye kwenye daladala. Kisha akapitisha shavu lake kwenye muundi wangu, mara moja, kwa nguvu, akajilaza juu ya mguu wangu wa kushoto akaanza kukoroma.

Mguu ulikufa ganzi kabla ya dakika tano. Adhana ya magharibi ikapita. Mke wangu akaita kutoka jikoni anataka mbuzi yake, nazi ameshaivunja. Sikujibu. Akaita tena. Nikapunga mkono bila kuinuka, kama mtu anayezama kwa adabu. Nikamsikia akienda kugonga chumba cha nne kuazima.

Mpangaji wa chumba cha nne aliileta mbuzi yake mwenyewe. Akafika uani, akasimama, akamtazama shume alivyolala, sikio lake pungufu likicheza. Akashusha sauti.

"Kumbe kweli kuna paka."

Nilitaka sana kumjibu. Lakini Mheshimiwa alikuwa amefumbua jicho ananitazama, na mimi macho yangu yalikuwa katikati ya kufumba.