Barua ya Wazi kwa Ofisi Inayohusika na Kwelea Kwelea

Mheshimiwa Mkubwa wa Ofisi Inayohusika,

YAH: KUOMBA KWELEA KWELEA WAFUATE UTARATIBU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi wa Nakwa wenye majaruba ya mpunga kule Magugu tunakusalimu, tukiamini mchakato bado unaendelea.

Tumetambua kwamba kosa si lako. Kila msimu ndege ya kunyunyizia sumu hutukuta tumebaki na makapi kwa sababu kwelea hawatoi taarifa. Wao hufuata mvua na mbegu za nyasi. Mbegu za porini zikiisha, huhamia kwetu. Mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10, na hakuna anayesaini.

Tunaomba basi waandaliwe fomu. Kiongozi wa kundi aijaze kwa nakala tatu, siku 14 kabla ya kutua: idadi ya msafara, pori walikotoka, kata wanakokwenda, sababu za safari. Mwenyekiti wa kitongoji awatambue, mtendaji agonge muhuri (akiwa semina, wamsubiri juu ya mgunga), kisha fomu ipande wilayani, mkoani, hadi mezani kwako. Kinda aliyeanza kuruka juzi aambatishe barua ya mzazi. Faili likipotea, waanze upya. Muda wote huo asiguse mtu punje.

Pia tunaomba posho ya kukaukiwa sauti kwa watoto wanaoacha shule wakashinda dunguni wakipiga madebe. Na tai wasomewe tangazo la sumu.

Maana hao tai mnawaua, Mheshimiwa. Mnakuja mpunga umeshaliwa, mnamwaga fenthioni juu ya matete wanakolala kwelea, na vipanga na bundi wanaookota mizoga hufa nao. Hao ndio waliokuwa wakitupunguzia kwelea na panya bila kudai mafuta. Na mwenye njaa akiokota kitoweo hicho, mnamwita mkaidi!

Uniwie radhi, nirudi kwenye mada. Jirani zetu wa Kondoa huwatega kwelea kwa nyavu na vikapu, wakawala. Kwao ni mboga. Tuletee nyavu na mtu wa kutufundisha kabla mpunga haujaanza kujaza punje. Ikishindikana, tuandikie mapema kwamba hamji, tujue moja.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkulima, Nakwa, Babati