Barua ya Wazi kwa Kamati ya Mafao: Kiatu Anasa, Msumeno Tiba

Waheshimiwa Wajumbe,

Pongezi kwa busara mliyomfanyia mzee wa nyumba ya pili, mgonjwa wa kisukari. Viatu vyake maalumu mlivikataa kwa hoja kwamba viatu ni mavazi. Miezi michache baadaye mkaidhinisha akatwe mguu, bila kinyongo: nusukaputi, kitanda na magongo, vyote juu yenu.

Kwa kweli mguu wenye ganzi haumsumbui mtu. Mwenyewe anakanyaga msumari Kariakoo, anapanda nao daladala hadi Mbagala, anauona usiku akivua soksi. Kuupima hakuhitaji mashine: uzi wa nailoni unaopinda ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10 unatosha kuonyesha unyayo umekufa wapi. Bei yake ni ndogo mno kwa heshima ya fomu zenu.

Kidonda kikitokea unyayoni, dawa na bandeji peke yake havitoshi. Lazima pale pasikanyagiwe. Ndiyo maana mguu hufungwa hogo lililoukumbatia kutoka vidoleni hadi chini ya goti, likabadilishwa na kubadilishwa kwa wiki kadhaa, hadi kidonda kifunge. Daktari Paul Brand aliutumia ufundi huu India, kwa wagonjwa wa ukoma waliokuwa na ganzi kama hii. Kikishafunga, ndipo hivyo “vivazi” vinapotakiwa: viatu vipana, soli imechongwa kufuata unyayo wa mwenyewe, la sivyo kidonda hurudi palepale.

Na msiseme hatuna wa kuvitengeneza. Chuo cha TATCOT, pale hospitali ya KCMC Moshi, kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu 1981.

Wataalamu wanakadiria kwamba takriban asilimia 85 ya miguu ya kisukari inayokatwa ilianza na kidonda. Kwenye kitita chenu kidonda kichanga hakina jina. Kikioza, kinapewa namba ya malipo, muhuri na saini tatu.

Sasa nina ombi lenye nafuu kwenu. Mguu uliobaki unambeba mzee mzima, na ganzi imo. Mlipieni kiatu kimoja tu, nusu bei. Mkiona bado ni vazi, basi mtujulishe mapema chumba cha upasuaji kina nafasi lini. Desemba ana harusi ya mjukuu, asingependa tarehe zigongane.

Wenu katika makato ya kila mwezi,
Mchangiaji