Waheshimiwa, Mizani Moja Mmeisahau

Kwa Wakurugenzi wa Kiwanda Chetu cha Chai, Bomet.



Mimi ni mkulima na mwenye hisa wenu. Jina la kiwanda naliacha, maana kila mkurugenzi atakayesoma atadhani ni chake, na huenda asikosee.

Naandika kuwapongeza kwa mizani. Kwenye kituo cha kununulia majani hakipotei kitu. Uzito wa gunia mnautoa, umande mnautilia shaka, na mama aliyeingia shambani alfajiri anarudi na risiti ya kilo zake. Kiwandani majani yanakaushwa mpaka unyevu unabaki kama asilimia 3, yanachekechwa na kupangwa: BP1, PF1, PD, D1. Hata vumbi la chai lina gredi na bei yake kwenye mnada wa Mombasa. Hongera.

Liko vumbi jingine, hilo halijawahi kufika Mombasa. Ingieni chumba cha kuchekechea saa nane za usiku, bila kupiga simu kwanza. Mtamkuta kijana amefunga kitambaa puani, kope zimegeuka kahawia, anapaza sauti kuushinda mtikisiko wa mashine na kila neno analisindikiza kwa kikohozi. Zamu ikiisha anapewa ufagio, ili vumbi lililotulia sakafuni alirudishe hewani wenzake wa asubuhi wasilikose.

Akisema kifua kinambana, anapewa pakiti ya maziwa. Waheshimiwa, Mkipsigis hadharau maziwa. Maziwa yetu ya mursik ndiyo yaliyotulea. Lakini maziwa yanashuka tumboni na vumbi linashuka mapafuni, na sijasikia njia hizo zikikutana. Labda wataalamu wenu wamegundua kichochoro.

Barakoa zipo, sikatai. Hutoka stoo siku ya wakaguzi wa vyeti, na wageni wakishaondoka hurudi stoo zikiwa mpya vilevile. Hakuna kifaa kinachotunzwa vizuri kama hicho Bomet nzima.

Mchimba migodi akiugua vumbi la mawe, ugonjwa wake una jina: silikosisi. Mtu wa chai anaambiwa ni baridi ya Kericho. Ila Daktari Uragoda wa Sri Lanka aliandika kuhusu pumu ya watengenezaji chai tangu 1970, kwa hiyo habari hii imekuwa safarini muda wa kutosha kufika kwenye meza zenu. Na vumbi linaloumiza zaidi si lile mnaloliona likielea kwenye mwanga wa taa. Chembe zilizo chini ya mikroni 10, hasa zile ndogo kabisa, hazionekani kwa macho, na ndizo zinazopenya hadi ndani ya mapafu. Kwa hiyo meneja akisema "leo hewa ni safi", tumuulize amepima kwa kifaa gani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 haikuanza na barakoa wala maziwa. Inataka vumbi lizuiwe, na inapowezekana lifyonzwe karibu kabisa na linapotokea. Maana yake machekeche yafunikwe, feni za kufyonza ziwekwe juu yake na zitunzwe zisizibe, ufagio mkavu ustaafu. Barakoa inayomkaa mtu vizuri ije baada ya hayo.

Kwa kuwa mnapenda kupima, nawaombea mizani moja zaidi. Ni pampu ndogo ya kufungwa kwenye mshipi, na chujio lake kwenye kola. Mfanyakazi aivae zamu nzima, kisha chujio lipimwe maabara. Matokeo yasomwe kwenye mkutano mkuu wa wenye hisa, kabla ya bonasi, maana baada ya bonasi hakuna anayesikiliza.

Wenu,
Mkulima na mwenye hisa.

Nakala: Kamati ya Usalama na Afya ya kiwanda, ambayo kanuni za 2004 zinaitaka kila sehemu ya kazi yenye watu 20 au zaidi iwe nayo. Anayejua inakokutana amfikishie mwenyekiti wake barua hii.