Uliza Babu: Misukule imejaa mezani

"Babu, shikamoo. Nimebuni mchawi wa misukule kwa ajili ya mchezo wetu wa Dungeons & Dragons. Sasa mchezaji wake anayo misukule 12. Zamu yake ikifika, wenzake wanatoka kununua pweza, wanarudi, bado anarusha dadu. Nifanyeje? — Mchezeshaji, Shangani, Mtwara."

Marahaba, mjukuu. Umebahatika, kwa sababu habari za wafu hakuna anayenipita kuanzia Mikindani hadi mdomo wa Ruvuma. Wengine watakuambia uwaulize wazee. Wazee wenyewe huja kuniuliza mimi.

Kwanza, msukule ana gharama. Tumekua tukisimuliwa: kakatwa ulimi, mchana yuko darini, usiku anapalilia mikorosho ya watu, na chakula chake ni pumba. Huyo wako anamiliki 12 na hajanunua hata debe moja! Mchawi gani huyo? Ni mwajiri asiyelipa. Asiyewalisha, wamgeukie yeye. (Mjumbe akikuhoji, mwambie Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haina kifungu cha dadu.)

Wamarekani waliouchapisha mchezo huo mwaka 1974 hawakujua pumba, ila shida waliiona. Katika toleo la 2014, mifupa uliyoifufua inakutii saa 24 tu, uroge upya kabla hazijaisha, na uganga huo ukirogwa kwa nguvu yake ya kawaida unashika minne isizidi. Bado watu wakarundika. Piga hesabu: mifupa 12 yenye pinde, adui mwenye kinga ya 17, mishale kama 5 inapata, majeraha 26 hivi, na bwana wao hajanyanyua hata kidole. Mwaka 2020 wakatoa uganga wa kuita mzuka mmoja tu, unaocheza mara baada ya zamu ya bwana wake. Umakini wa bwana huyo ukivunjika, mzuka unatoweka.

Mmoja tu! Wamakonde wangewaambia bure. Lipiko hutoka peke yake: kinyago cha mti mwepesi, nywele za binadamu zimegandishwa kwa nta, mchezaji anachungulia kupitia mdomo wa kinyago, nguo hadi vidoleni. Ngoma ikikata, naye anakata. Watoto huambiwa ni mfu kafufuka. Mwaka mmoja, vijana walipotoka jandoni, alitokea lipiko hata kina mama wakaacha vyungu jikoni wakakimbia. Nani alikuwa ndani, sisemi. Siri ya jando ni siri. Nasema tu kwamba alikuwa na mabega kama haya yangu, na kesho yake magoti yangu yalivimba. Mpiga ngoma mkuu alilia. Kuna waliosema tangu hapo hawajaona mchezaji kama... basi, nimesema ni siri.

Mhariri ananionyesha saa. Haya: misukule 12 iwe kundi moja, dadu moja, zamu moja, uhai mmoja, kundi likipigwa, lipungue na nguvu ipungue. Anayetaka mizuka mikubwa achague mmoja, na mchawi akiguswa tu, umakini uvunjike. Pumba iandikwe daftarini kila juma la mchezo. Mchezaji akigoma, mlete Mikindani.

Na ninyi wengine, andikeni barua fupi. Sifa zangu zinahitaji nafasi.