Sikukuu Nane kwa Mizani ya Kalinzi

Serikali hupanga sikukuu kwa tarehe. Sisi wa Kalinzi, huku milimani Kigoma kwenye barabara ya kwenda Manyovu, tunauliza jambo moja tu: siku hiyo jembe litalala? Na ndugu zetu wa ziwani, mtumbwi utalala? Kwa mizani hiyo nimezipanga, kuanzia ya chini kupanda juu. Mwenye ubishi alete kahawa tukae.

8. Mwaka Mpya. Mkesha mtamu. Kukicha, mvua haina habari kwamba mwaka umegeuka, na magugu nayo hayana kalenda.

7. Mei Mosi. Mwalimu na muuguzi wanaistahili kabisa, wavae fulana zao na waandamane. Mkulima yeye nyongeza ya mshahara amdai nani, mawingu?

6. Sabasaba. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na maonyesho yako Dar es Salaam. Mwenye nauli aende akatuangalizie.

5. Siku ya Uhuru. Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, Alexander Nyirenda alisimika bendera na mwenge juu ya Kilimanjaro. Kwa heshima hiyo ingekuwa ya kwanza, ila Desemba huku ni matope mpaka magotini. Mwaka 2015 Rais Magufuli aliamuru siku hiyo tufanye usafi badala ya gwaride. Usafi ni mwema, lakini ngoma nazo zilikuwa na haki yake.

4. Juni 30 na Julai 1. Najua, si zetu. Congo ilipata uhuru Juni 30, 1960, na Burundi Julai 1, 1962: majirani wawili, siku mbili zinazofuatana. Kiha na Kirundi vinakaribiana kiasi kwamba mzee wa Kalinzi na mzee wa ng'ambo ya Manyovu hubishana bei ya mbuzi bila mkalimani. Kisha ngoma za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014! Jirani akizipiga hizo, ndani hukai.

3. Nanenane. Hii ndiyo yetu kwa jina, na ndiyo maana inaniuma. Agosti kahawa ingali vichanjani. Inataka kugeuzwa, kufunikwa jua likiwa kali, kufunikwa tena usiku isilowe umande, na kulindwa dhidi ya wenye mikono mirefu. Wakati huohuo maonyesho ya Kanda ya Magharibi yako Ipuli, Tabora, safari ndefu ya treni. Basi anayesherehekewa yuko nyumbani analinda buni, na wanaomsherehekea wako Tabora wanapiga picha na mche wake. Leteni banda moja tu hapo chini Mwandiga, tutashuka na magunia tukiimba. Mwaka 2024 tulikosa hata kitoweo cha siku yenyewe: ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 samaki wapate kuzaliana. Uamuzi huo nauunga mkono kwa moyo wote. Maharage ya Kigoma yaliokoa jahazi.

(Krismasi sikuiweka kwenye mashindano. Siku dada yangu anaposhuka kwenye treni ya kutoka Dar, haipimwi na mizani yoyote.)

2. Idd el Fitr. Hapa namvulia kofia mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa za sola, na taa hushinda pale mwezi unapokosekana angani. Idd huja na mwezi mwandamo, yaani katika kipindi cha usiku wa giza, wakati ziwa linapotoa zaidi. Mvuvi anauacha usiku wenye pesa, anavaa kanzu, anakwenda kuswali. Msimuulize amepata hasara kiasi gani, mpeni mkono wa Idd.

1. Maulidi, Ujiji. Bishaneni na mwezi, si na mimi. Ni tarehe 12 Mfungo Sita, mwezi unakaribia kujaa, taa hazifui dafu kwa mbalamwezi hiyo, na mitumbwi imevutwa mchangani. Mwaka wa Kiislamu hutangulia ule wa serikali kwa siku kama 11, kwa hiyo Maulidi huzunguka masika, kiangazi na msimu wa kahawa, lakini mwezi wake haubadiliki: kila mwaka wavuvi wako nyumbani. Nasi wa milimani hatuna udhuru, maana usiku jembe hulala bila tangazo la serikali. Mji wa Ujiji ulipokea misafara ya kutoka pwani kabla Stanley hajamkuta Livingstone hapo mwaka 1871, na mpaka leo unajua kupokea mgeni: dufu, kaswida za watoto wa madrasa, pilau kwenye sinia. Shukeni na maharage na kahawa, kwa kuwa usiku huo samaki wabichi ni haba. Na mtoke Kalinzi alasiri, mikeka ya mbele hujaa mapema.